Mzee Ogada wa Kiti cha Nyuma

Juzi nimerudisha funguo za gari la shule. Ninyi vijana mnaobaki mkanifanyia sherehe ya soda na mandazi, mkaniomba niseme machache. Nikasema machache kweli, kwa sababu mandazi yalikuwa yanapoa. Haya mengine nimeyaandika. Yasomeni mkiwa mmekaa mezani, msiyasome huku mwanafunzi yuko kwenye usukani, maana nawajua.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Shule ya udereva ina vyeo viwili tu, mwenye shule na wale wengine, na mimi nilikuwa wale wengine kwa miaka ishirini na minane, kwanza Migori, baadaye Homa Bay. Nitawaambia nilivyoanza, nani aliyenifundisha, na jinsi mzee asiyeona alivyonifundisha upya wakati nilikuwa tayari najiona profesa.

Siku ya kwanza Migori nilikuja na viatu vya kisigino, nikidhani mwalimu lazima apendeze. Mwalimu mkuu alikuwa Mzee Oloo, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Alinitazama kuanzia chini. "Binti," akasema, "hivyo viatu unaenda kanisani ama unaenda kufunga breki?" Nikavivua. Siku hiyo nilifundisha miguu mitupu, na kesho yake nikanunua raba bapa sokoni. Sijawahi kurudia kisigino ndani ya gari hadi leo, hata siku ya harusi ya mtoto wangu.

Kisha akanipeleka kwenye ubao wa mji. Ninyi mnaufahamu, lakini nataka muutazame tena kama mgeni. Ni meza kubwa iliyochorwa barabara, mzunguko, taa na reli. Migori haina reli, Homa Bay haina reli, lakini ubao una reli, na mwanafunzi asiyejua kusimama kwenye reli anaanguka mtihani. Anasukuma kigari cha plastiki kwa kidole huku akikariri: natazama kioo, natoa indiketa, naingia. Mzee Oloo alinisubiri nimalize kuushangaa, akaniambia, "Ubao ni mzuri. Shida yake ni moja tu. Hauna ng'ombe."

Alinifundisha mengi yule mzee. Kupandisha gari mlimani alinifundisha kwa sahani ya omena kavu, wale dagaa wa ziwani. Mwanafunzi aliwekewa sahani pajani, akasimama katikati ya mlima, kisha akaondoka kwa klachi. Gari likishtuka, omena inamwagika kila mahali, na aliyemwaga anaokota mmoja mmoja mpaka chini ya kiti. Niliokota omena wiki nzima. Mpaka leo nikisikia harufu yake mguu wangu wa kushoto unakuwa mpole wenyewe.

Chombo changu kikubwa kilikuwa ile breki ya pili, upande wa mwalimu. Niliitumia sana mwanzoni, kwa sababu nilikuwa mwoga, na wanafunzi wakaniita Mwalimu Breki. Jina likanifuata mpaka Homa Bay. Sikulipenda, lakini kuna watu wanatembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu ya jina hilo, kwa hiyo nimelisamehe.

Sasa nije kwa wazazi. Kazi hii mnadhani ni ya kufundisha watoto wa miaka kumi na minane waliomaliza Form Four. Hapana. Huyo mtoto mnampata kwa saa chache tu. Mzazi ndiye atakayekaa naye kwenye gari miaka yote. Na wazazi, wueh! Kuna baba anayepiga kelele tangu mnapofungua mlango. Kuna mama niliyembeba kutoka Rodi akiimba wimbo wa kanisa, macho yamefumbwa, beti zote, na tulipofika akauliza kama mtoto ameendesha vizuri. Kwa ajili ya hao, Mzee Oloo aliniachia sheria moja: mzazi akae nyuma, afunge mkanda, na afunge mdomo. Niliishika sheria hiyo zaidi ya miaka ishirini. Ingeandikwa kwenye mawe, mimi ningeyabeba hayo mawe.

Ndipo akaja Mzee Ogada.

Alikuja ofisini Homa Bay asubuhi moja, ameshikwa mkono na binti yake, Awuor. Zamani alikuwa dereva wa lori la samaki, mtu aliyejua kila tuta kutoka ziwani mpaka Nairobi. Halafu presha ya macho ikamwibia mwanga kidogo kidogo, na aliposhtuka yote yalikuwa yamekwenda. Nyumbani aliacha gari yake, Probox, imefunikwa turubai. Alikuwa amejaribu madereva wawili wa kukodi. Mmoja aliitia mtaroni, mwingine aliitia mtaroni na kukana kwamba ni mtaro. Tangu hapo mzee alikuwa ameahidi kumuuzia gari rafiki yake wa zamani, mkulima wa tumbaku huko Kehancha, Mzee Chacha.

"Nimempa neno langu," akaniambia. "Mwisho wa mwezi ujao gari inaenda."

Awuor hakumwachia amalize. "Baba alikubali nijaribu kwanza, Mwalimu. Nikipata leseni na aone naweza, gari inabaki. Mama anabeba samaki kwa boda na Baba hatoki nyumbani. Tangu Desemba hajatoka, isipokuwa leo."

"Sikusema nione," mzee akasema. "Mimi sioni. Nilisema nijue." Kisha akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Mwalimu, mimi nimeokota watu wa ajali barabarani. Nataka kumuachia huyu gari kuliko kitu chochote. Lakini afadhali gari iende kuliko yeye aende."

Nikamwambia kazi hiyo niachie mimi. Nilijiamini sana. Mungu anisamehe.

Somo la kwanza barabarani, mzee akiwa kiti cha nyuma, lilikuwa la ajabu. Awuor ana mikono mizuri, gia zilimtii kama zinamjua. Lakini alikuwa akiendesha huku anatazama ncha ya boneti, na macho hayaendi mbele. Tuta la kwanza tulilipanda kama mbuzi. Nikatazama nyuma nikingoja kelele za baba. Mzee akasema kwa upole, "Vizuri, Mama."

Mama? Nikadhani nimesikia vibaya. Tuta la pili, kichwa changu kikagonga paa. "Vizuri, Mama. Mos, mos." Yaani pole, polepole, yote kwa pamoja, kama mtu anayembembeleza bibi mzee ashuke ngazi.

Tuliposimama nikamvuta pembeni. "Mzee, huyu mtoto anatuvunja migongo na wewe unamsifu?"

Akacheka kwa aibu. Awuor amepewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Mzee Ogada. Kwa hiyo tangu azaliwe baba yake anamwita Mama, na hajawahi kumkaripia, si kwa chakula, si kwa masomo. "Nitamfokea mamangu?" akaniuliza. Ninyi mliozaliwa huku mnacheka kwa sababu nyumbani kwenu yuko mmoja kama huyo. Nimekuta kosa hili mara nyingi: mtoto amebeba jina la mzee, na mzazi mzima na ndevu zake anashindwa kumwambia simama.

Basi kwa kuwa hakuweza kumwamuru, alichokifanya ni kumuuliza. Kila baada ya kidogo sauti ilitoka kiti cha nyuma: "Mama, unaona nini?"

"Naona barabara, Baba."

"Na nini?"

"Barabara tu."

Baada ya dakika mbili, tena: "Mama, unaona nini?" Damu ikanichemka. Mwenye macho haambiwi tazama, na huyu alikuwa akiambiwa tazama kila nguzo ya stima! Nikageuka nikamwambia, kwa sauti yangu ile mnayoijua, "Mzee, kwa heshima yako yote, ndani ya gari hili mzazi anafunga mkanda na mdomo."

Akanyamaza. Alinyamaza masomo manne, mkono wake umeshika mpini wa juu ya mlango. Niliona ni ushindi.

Somo la sita tulienda barabara ya Asumbi. Ilikuwa siku ya kufunga shule, wasichana wa bweni wametapakaa kando ya barabara na masanduku ya bati, magodoro, ndoo. Boda moja ilikuwa imesimama kushoto, imefungwa godoro mpaka dereva haonekani. Awuor akaja vizuri, mikono mizuri, macho kwenye boneti. Na mimi, Mwalimu Breki, nilikuwa naangalia mikono yake. Nyuma ya godoro akatoka msichana, anatembea kinyumenyume, anavuta sanduku lake kuingia barabarani.

Nilikanyaga breki yangu kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kukaa juu ya boneti. Msichana akageuka, akatutazama, akatuchapa kwa maneno vizuri sana, tena kwa haki, kisha akavuta sanduku akaenda zake.

Awuor akaachia usukani. "Sikumuona. Mwalimu, haki sikumuona."

Hata mimi sikumuona mpaka alipokuwa mbele yetu. Lakini sikulisema hilo. Aliyesema ni mzee kutoka nyuma, tena bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mimi nilisikia masanduku yakiburutwa tangu kule nyuma. Nikasikia wasichana wanacheka pande zote mbili. Nilitaka kumuuliza Mama anaona nini. Lakini ulinikataza."

Niliona aibu, wenzangu. Aibu ile ya kutamani kiti kifunguke kikumeze. Miaka zaidi ya ishirini nimefunga watu midomo, na mtu pekee ndani ya gari aliyejua kilichokuwa mbele yetu alikuwa kipofu niliyemnyamazisha. Nikamwomba msamaha hapohapo, mbele ya binti yake. Kisha nikamwambia, "Jaduong', mzee wangu, uliza. Uliza mpaka uchoke."

Akasafisha koo. "Mama, unaona nini?"

Awuor akapangusa macho, akashika usukani. "Naona boda yenye godoro. Naona wasichana watatu kulia, mmoja amebeba ndoo."

"Yule wa ndoo anataka nini?"

Hapo ndipo nilipokaa wima. Binti akafikiri. "Rafiki zake wako upande huu. Anataka kuvuka."

"Basi?"

"Nangoja."

Akangoja. Yule wa ndoo akavuka bila hata kututazama.

Tangu siku hiyo somo likawa hilo. Unaona nini? Anataka nini? Ng'ombe anataka nyasi za upande wa pili. Mtoto anamtaka mama yake aliye ng'ambo. Matatu iliyotoa indiketa haitaki kitu, dereva amesahau tu. Awuor alikuwa akiongea mfululizo kama mtangazaji wa mpira, na macho yake yakainuka yenyewe kutoka kwenye boneti, kwa sababu huwezi kumsimulia baba yako boneti kilomita kumi. Mwendo ukapungua pia. Akienda kasi, maneno hayatoshi.

Kwa kuwa mama yake Awuor hana leseni, hapakuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi nyumbani. Nikawaambia wasiguse gari. Watembee. Kila jioni baba na binti walitoka kwa miguu hadi sokoni, binti amemshika baba mkono, anamsimulia barabara na baba anauliza. Majirani walidhani mzee anapelekwa kupunga upepo. Kumbe lile lilikuwa darasa, na mzee aliyekuwa hatoki nyumbani alikuwa akitoka kila siku ya Mungu.

Siku ya mtihani Awuor alisukuma kile kigari cha plastiki, akasimama kwenye reli ambayo hakuna mtu wa Homa Bay ameiona, akapita. Barabarani afisa alimwuliza mbona anaongea peke yake. Akajibu, "Afande, nimezoea." Akapita tena! Nilipiga kelele pale nje mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Lakini leseni si neno la mzee. Zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi wa ahadi uishe, na Ogada hajasema lolote. Nikampigia simu. Akasema, "Jumamosi tunapeleka gari Kehancha. Nilimpa Chacha neno langu. Awuor ataendesha. Njoo, Mwalimu, lakini mara hii wewe kaa nyuma."

Nikakaa nyuma. Mzee mbele kushoto, binti kwenye usukani, na mimi bila breki kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu ya ile Probox mpaka Rongo. Nilifunga mkanda, na mdomo nikaufunga, na sasa nikajua wazazi wanavyojisikia.

Karibu na Awendo tulikuta trekta la miwa, trela limejaa mpaka linayumba, linatambaa. Nyuma yake boda, nyuma ya boda sisi.

"Naona trekta, Baba. Miwa inaning'inia kulia. Boda anachungulia, anataka kupita. Kule mbele lori linakuja, na nyuma yake kuna basi limetoa pua."

"Basi linataka nini?"

"Linataka barabara yetu." Alikuwa ameshaachia mafuta. "Nampa nafasi boda arudi. Naenda kando."

Alitoa indiketa, akaingiza magurudumu ya kushoto kwenye changarawe, taratibu, omena isingemwagika. Boda akachomoka, akaliona lori, akarudi kwenye ile nafasi tuliyomwachia. Na basi, lilipokwisha kupishana na trekta na boda, likalipita lori kwa kishindo, likichukua barabara yote pale ambapo sisi tungekuwa. Upepo wake ukatikisa vioo. Probox ilikuwa imesimama kando, indiketa inalia tik, tik, tik.

Mzee Ogada alikuwa amegeuza sikio akifuata basi mpaka likaisha. Kisha mkono wake ukaachia mpini wa juu ya mlango aliokuwa ameushika tangu Homa Bay, ukashuka, ukakaa pajani. Nililia kimyakimya huko nyuma, sioni haya kuandika.

Kufika Kehancha, Mzee Chacha alikuwa anatungoja langoni, amevaa koti la kupokelea gari. Akalizunguka, akapiga piga bodi, akafurahi. Mzee Ogada akashuka, akamtafuta mkono wake, akamshika.

"Ndugu yangu, nimekuja kurudisha neno langu. Gari siuzi."

"Ala!" Chacha akaruka. "Umetoka Homa Bay mpaka hapa kuniambia hapana? Si ungepiga simu?"

"Simu haingekuonyesha dereva."

Chacha akamtazama Awuor, aliyesimama kando ya mlango na funguo mkononi, miaka kumi na minane na kitu. Akamwuliza kama ni yeye amelileta hilo gari kutoka ziwani. Akajibu ndiyo, Baba. Mzee wa Kikuria akatikisa kichwa, akacheka, akaagiza kuku achinjwe. Alitulaumu mpaka mwisho wa chakula, lakini alitulaumu akiwa anatuongezea nyama.

Baada ya hapo sikumnyamazisha tena mzazi yeyote. Niliwafundisha kuuliza. Wale wenye kelele niliwafunga macho kwa leso, nikawaambia, sasa mtoto wako ndiye macho, muulize. Yule mama wa nyimbo hakuhitaji leso. Kelele ziliisha zenyewe, kwa sababu huwezi kumfokea mtu unayetegemea akwambie kilicho mbele. Ubao uacheni mezani, ni mzuri kwa mtihani. Barabara ifundisheni kwa maswali mawili ya Mzee Ogada, na Mzee Oloo huko aliko atanisamehe, kwa kuwa sasa ubao una ng'ombe.

Tuliondoka Kehancha jua likiwa bado juu. Mzee aliuliza mpaka Migori, akauliza mpaka Awendo. Awuor akajibu kila kitu, mbuzi, tuta, baiskeli yenye mikate. Mzee huyu alikuwa ameniambia siku moja kwamba katika maisha yake yote hajawahi kulala ndani ya gari linaloendeshwa na mwingine. Dereva wa kweli halali.

Tulipoipita Rongo, Awuor akanitazama kwenye kioo.

"Mwalimu, Baba ameacha kuuliza. Amekasirika?"

Nikainama mbele kati ya viti, nikasikiliza.

"Amelala," nikamwambia.

Akakaza mikono kwenye usukani. Halafu akaendelea kumsimulia barabara, mpaka nyumbani, kwa sauti ya chini ili asimwamshe.